Sumu Isiitwe Uzee

Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa mshipi. Jioni, akisharudi baharini na kuuza alichojaliwa, aliketi nyuma ya nyumba na kopo la maziwa mkononi, akalitia vipande vya risasi alivyovitoa kwenye betri kuukuu za gari, kisha akaliteleka mafigani. Risasi haisumbui kuyeyuka. Moto wa kuni unaitosha. Ikishageuka maji mazito yenye kung'aa, aliimimina kwenye vishimo alivyovifukua mchangani kwa kidole, na humo zikatoka chubwi za kuzamishia ndoana. Sisi watoto tulichutama kuuzunguka moto ule, tukigombea nani ataishika chubwi ya kwanza ingali na joto. Usiku mafiga yaleyale ndiyo mkaza mjomba aliyapikia wali.

Alipopita miaka 70, mikono yake ikaanza kutetemeka. Presha ikapanda, wala haikushuka hata alipoongezewa vidonge. Akawa anasahau majina ya wajukuu na, jambo lililomuuma kuliko yote, majina ya miamba aliyoivulia maisha yake yote. Mvuvi asiyekumbuka mwamba ni kama msomi aliyesahau kusoma. Tulimpeleka zahanati mara nyingi. Muuguzi alimwamkia kwa adabu, "Shikamoo, babu," akamfunga mkanda wa kupimia presha, akaandika kwenye kadi, kisha akatugeukia sisi tuliomleta: "Huu ni uzee. Mzoeeni tu."

Tukamzoea, na tukamzika. Siwezi kuapa kwamba risasi ndiyo iliyomtetemesha na kumsahaulisha, maana hakuna aliyempima damu kuitafuta, wala aliyemuuliza amekula jasho lake kwa kazi gani. Ndicho kinachoniuma. Alikufa na jibu lake mifupani, na sisi tulioachwa tumebaki na neno moja tu la kuelezea kila kilichompata: uzee.

Naliandika hili kwa sababu mjomba hakuwa peke yake. Katika mitaa yetu ya mabanda, kando ya majalala, karibu na viwanda na kwenye machimbo, wamo wazee waliobeba madini ya sumu mwilini kwa miaka 30, 40 au 50. Sumu hiyo inapojitokeza kama presha, figo zilizochoka, mikono inayotetemeka au kumbukumbu iliyopotea, tunaiita uzee. Na tukishaiita uzee, hakuna tena wa kuulizwa, kwa kuwa uzee hauna mwenye kiwanda, na hakuna mahakama inayoweza kuushtaki. Mimi nasema jina hilo si sahihi, na kosa hili la jina linawagharimu wazee wetu afya yao na haki yao pia.

Kwanza tuelewe jinsi risasi inavyoishi mwilini. Mtu akivuta moshi wake au akila vumbi lake, damu huibeba, na baada ya kiasi cha mwezi mmoja kiwango kilichomo kwenye damu hupungua kwa nusu. Akipimwa hapo huenda akaambiwa anaendelea vizuri. Lakini si yote iliyotoka. Sehemu yake imehamia mifupani, kwa kuwa mwili huidhania risasi kuwa kalsiamu, ukaihifadhi kama mtu anayejiwekea akiba ya shida. Zaidi ya asilimia 90 ya risasi iliyomo mwilini mwa mtu mzima hukaa kwenye mifupa na meno, na huko huweza kutulia kwa miongo kadhaa.

Akiba hiyo huanza kutolewa uzeeni. Mifupa inapopoteza uzito wake huachilia kalsiamu irudi kwenye damu, na risasi hufuatana nayo. Kwa mwanamke mlango hufunguka zaidi baada ya hedhi kukoma, kwa sababu katika miaka ile mifupa yake hupungua kwa kasi. Mzee aliyevunjika nyonga akalala kitandani miezi mitatu naye mifupa yake hulika, na sumu aliyoivuta akiwa kijana hurudi kumzungukia mwilini kana kwamba ameivuta jana. Kwa hiyo bibi wa miaka 68 anaweza kupata madhara mapya ya moshi wa kiwanda kilichofungwa zamani. Amri ya kukifunga kiwanda ilizima tanuri, lakini mifupani mwake haikufika.

Ikiwa kwenye damu, risasi huifanya mishipa kuwa migumu na kupandisha presha, huchosha figo na kuuumiza moyo. Kwenye ubongo hudhoofisha kumbukumbu na wepesi wa kufikiri. Huko Boston, Marekani, watafiti wamewafuatilia kwa miaka mingi wanaume wengi waliowahi kuwa wanajeshi, wakaipima risasi ya mifupani mwao kwa mionzi. Wale waliokuwa na akiba kubwa walielekea zaidi kupata presha, na akili zao kudhoofu upesi zaidi kadiri miaka ilivyokwenda. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na linakadiria kwamba mwaka 2021 pekee risasi ilihusika na vifo zaidi ya milioni 1.5 duniani, vingi vikiwa vya maradhi ya moyo na mishipa. Tumezoea kuambiwa kwamba risasi huharibu akili ya mtoto, na ni kweli kabisa. Lakini maradhi ya moyo huua watu wazima, na hao hatuwasikii wakitajwa.

Wapo watakaosema haya ni ya wavuvi wachache na mafundi wa betri. Hebu wakumbuke petroli. Kwa miongo mingi petroli ya magari yetu ilitiwa risasi ili injini zisigongegonge. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiacha, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 zikawa zimeiondoa. Algeria ndiyo iliyokuwa nchi ya mwisho duniani, Julai 2021. Ina maana kwamba kila mwenye miaka 60 leo aliyekulia Mombasa, Nairobi au Dar es Salaam aliivuta risasi hiyo mpaka umri wa miaka 40 hivi. Aliyeivuta zaidi ni yule ambaye riziki yake ilikuwa barabarani: utingo wa matatu, askari wa trafiki, mama aliyekaanga mihogo kituoni, mzee wa mkokoteni. Mwenye nyumba iliyojitenga kwenye bustani alivuta kidogo, na mwenye kibanda ukingoni mwa lami akavuta nyingi. Umaskini uligawa sumu ile muda mrefu kabla daktari yeyote hajaipima.

Mtaa ambao kila Mkenya anapaswa kuujua katika habari hii ni Owino Uhuru, Jomvu, katika kaunti ya Mombasa. Ni mtaa wa mabanda wa watu wapatao 3,000. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi kilianza kazi ukutani mwa nyumba zao. Moshi ulishukia kwenye mabati na nguo zilizoanikwa, na maji machafu yakapita katikati ya vibanda. Watu wakaanza kukohoa, wanawake wakaharibikiwa mimba, watoto wakaugua. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapohapo kiwandani, aligundua kwamba mwanawe mchanga ana risasi kwenye damu. Akaacha kazi, akaanza kuwakusanya majirani, akakamatwa, akatishwa, lakini hakukoma. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata Omido akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Kesi ilifunguliwa mwaka 2016. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, tena udongo usafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zilipwe milioni 700 za kuusafisha. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo. Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Ni ushindi mkubwa, na waliouhangaikia wanastahili heshima ya taifa zima.

Sasa tuhesabu miaka kwa macho ya mzee. Bibi aliyekuwa na miaka 60 tanuri lilipowashwa alikuwa na 67 lilipozimwa, 69 kesi ilipofunguliwa, 73 alipopata hukumu ya kwanza, na 77 hukumu hiyo ilipothibitishwa. Miaka yote hiyo alikuwa akikanyaga udongo uleule na mifupa yake ikipungua. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa bibi huyu kungoja kumeumiza zaidi ya tumbo, maana ugonjwa wake ulipewa jina jingine tangu siku ya kwanza alipoingia kliniki ya presha.

Mtaani humo wakazi walichukuliwa damu mara kadhaa. Lakini utafiti mkubwa wa damu unaotajwa sana, uliolinganisha Owino Uhuru na mtaa jirani wa Bangladesh, uliwapima watoto wa kati ya mwaka mmoja na mitano. Watoto wa Owino Uhuru walikuwa na wastani wa risasi karibu mara mbili ya wenzao. Tukienda Nairobi, kwenye jalala la Dandora lililoanza kupokea taka mwaka 1975, utafiti wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa wa mwaka 2007 uliwapima watoto 328 wa eneo hilo, na nusu yao walikuwa na risasi kupita kiwango kilichokubaliwa wakati ule. Siwalaumu watafiti hao. Ubongo wa mtoto ungali unajengwa, na ni haki uwe wa kwanza kulindwa. Lakini nikiona mara mbili sindano inaingia mkono wa mtoto, najiuliza kuhusu nyanya yake aliyeketi pembeni akingoja zamu isiyofika. Mtoto wa miaka mitano wa Dandora alikuwa ameishi na jalala miaka mitano. Nyanya yake, kama alihamia pale lilipofunguliwa, alikuwa ameishi nalo miaka 32. Huenda alikuwa akiokota chupa na vyuma juu ya taka zenyewe.

Na risasi si peke yake. Upande wa Tanzania, kwenye machimbo ya dhahabu ya mkoa wa Geita, wachimbaji wadogo huchanganya mchanga wa dhahabu na zebaki, kisha huuchoma mchanganyiko huo ili zebaki iruke hewani na dhahabu ibaki. Wengi wamefanya hivyo uani mwa nyumba zao, karibu na jiko la chakula. Uchunguzi uliofanywa Rwamagasa, mkoani humo, miaka ya 2000, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki, ulikuta wachimbaji waliokuwa na dalili za kudhurika. Zebaki ina tabia tofauti na risasi. Damu hujisafisha zebaki katika miezi michache, lakini mishipa ya fahamu iliyokwisha kuumia haiponi kwa urahisi. Mzee aliyeacha uchimbaji miaka 15 iliyopita anaweza kupimwa akakutwa safi, huku kikombe cha chai kikimtetemeka mkononi. Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki ulianza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mikataba hutazama mbele. Aliyechoma dhahabu tangu ujana wake hadi alipopata wajukuu yuko nyuma ya tarehe zote hizo.

Jina la Minamata, mji wa Japani uliopatwa na mkasa wa zebaki, linanikumbusha mkasa mwingine wa nchi hiyohiyo, ambao naona unatuhusu zaidi. Katika mkoa wa Toyama, mto Jinzu ulibeba kadimi, madini mengine ya sumu, kutoka machimbo ya Kamioka na kuimwaga kwenye mashamba ya mpunga ya wanavijiji. Waliougua zaidi walikuwa wanawake wa makamo na vikongwe, wakulima waliokwisha kuzaa watoto wengi na kukoma hedhi. Figo zao ziliharibika, mifupa ikalainika, na mbavu za mwingine zikavunjika kwa kukohoa tu. Walilia kwa neno moja la Kijapani, itai, itai, yaani inauma, inauma, na kilio hicho kikawa ndilo jina la ugonjwa wenyewe.

Tafadhali tulitafakari jina hilo. Ni wanawake wazee, wa kijijini, wasio na mali. Ilikuwa rahisi mno kusema wamechoka kwa kuzaa na kulima. Lakini daktari wa pale pale, Noboru Hagino, aliona wagonjwa hawa wanatoka kwenye bonde la mto uleule, na hakukubali kwamba umri pekee ndio uliowavunja. Alishikilia kwamba chanzo ni machimbo, akadharauliwa, naye hakuacha. Mwaka 1968 serikali ya Japani ilikiri kwamba kadimi ya machimbo ndiyo iliyosababisha, na kuutambua rasmi kuwa ugonjwa wa uchafuzi, wa kwanza kutambuliwa hivyo nchini humo. Wanavijiji wakashinda mahakamani. Mashamba yakaanza kusafishwa, kazi iliyochukua miongo kadhaa hadi ikakamilika mwaka 2012. Yote hayo yalianza kwa tabibu mmoja aliyetazama anwani za wagonjwa wake, wala hakutosheka na umri ulioandikwa kwenye kadi.

Najua hoja ninayopingwa nayo, na ni hoja nzito. Fedha za afya ni kidogo. Hospitali zina uhaba wa dawa za kawaida. Ikiwa kuna vipimo mia moja vya damu, je, si bora vipewe watoto mia moja, ambao maisha yao yote yako mbele, kuliko wazee ambao risasi yao haiwezi kung'olewa mifupani?

Jibu langu la kwanza ni kwamba hoja hii inamtenga mzee na mtoto kana kwamba wanaishi nyumba mbili. Katika mitaa ninayoizungumzia nyanya ndiye mlezi. Mama anaondoka alfajiri kwenda kibaruani, na mtoto anashinda kwenye mkeka wa bibi, juu ya udongo uleule. Bibi akiwa na risasi nyingi, mtoto yumo hatarini. Bibi akipoteza kumbukumbu, mtoto amepoteza mlezi. Kumpima bibi ni kuipima nyumba.

La pili ni kwamba mzee ana ushahidi ambao mtoto hana. Mifupa yake imeandika historia ya mtaa: kilichochomwa pale, lini, na kwa muda gani. Mwenye kutaka kujua kiwanda cha Owino Uhuru kiliwatenda nini watu kwa miaka saba hawezi kumuuliza mtoto aliyezaliwa kilipofungwa.

La tatu, si kweli kwamba mzee hana cha kusaidiwa. Daktari akijua kuna risasi, ataibana presha kwa nguvu zaidi, atazilinda figo kwa kuchagua dawa zinazozifaa, na atamhimiza mgonjwa aimarishe mifupa ili akiba ile isifumuke kwa haraka. Muhimu kuliko yote ataondoa chanzo. Mzee anayeendelea kula vumbi kila siku anaongeza juu ya alichonacho, na kumwondolea vumbi hilo ni tiba isiyohitaji mashine ya bei kubwa.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo, na ninayaomba kwa watu wenye uwezo wa kuyatenda.

Wauguzi na madaktari wa kliniki za presha na sukari nawaomba maswali mawili: "Babu, ulikuwa ukifanya kazi gani?" na "Bibi, umeishi wapi?" Yaandikwe kwenye kadi pamoja na uzito na presha. Maswali haya hayana bei. Mtu akitaja betri, kuyeyusha vyuma, uchimbaji, kupaka rangi, uvuvi wa chubwi za kujitengenezea au kuishi jirani na kiwanda, apelekwe kupimwa damu. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba damu ikifikia mikrogramu 5 za risasi kwa desilita moja, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Mwongozo huo hausemi ni wa watoto peke yao.

Serikali za kaunti na serikali kuu nazikumbusha kwamba wazee wengi wamekwisha kuandikishwa. Kenya ina mpango wa Inua Jamii unaowapa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Zanzibar ilianzisha pensheni jamii kwa wazee wa umri huohuo mwaka 2016. Daftari la majina lipo, na siku ya kukusanyika inajulikana. Katika mitaa iliyothibitika kuwa na uchafuzi, siku ya malipo iwe pia siku ya kupimwa. Anayeweza kuwapata wazee kwa ajili ya shilingi 2,000 anaweza kuwapata kwa ajili ya tone la damu.

Udongo usafishwe. Hukumu ya mwaka 2020 ilitaka miezi minne, na sababu yake ni ya kisayansi kama ilivyo ya kisheria: risasi haiozi, haivukizwi na jua, wala mvua haiimalizi. Inakaa pale ilipoangukia ikingoja mikono na nyayo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta tunaojenga hapa ni wodi za figo.

Fidia iwafikie wazee wakiwa hai. Katiba ya Kenya, ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 57 inasema wazee waishi kwa heshima na hadhi, na wapate utunzaji kutoka kwa familia zao na kwa Dola. Nasema ibara hizi mbili zisomwe pamoja. Orodha ya kulipa ianze na mwenye umri mkubwa zaidi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye siku chache zaidi za kuitumia fedha yenyewe. Waliotangulia mbele ya haki, warithi wao wasizungushwe.

Tusijidanganye pia kwamba haya ni mambo ya kale. Karibu kila betri ya gari na nyingi za sola zilizofungwa vijijini zina risasi ndani, na kila moja siku moja itakufa. Itayeyushwa wapi? Ikiwa ni uani kwa fundi asiye na kinga, au nyuma ya ukuta wa mtaa mwingine usio na msemaji, basi tunawaandalia vijana wa leo uzee wa mjomba wangu. Kijana wa miaka 30 anayepasua betri kwa shoka asubuhi hii atafika miaka 65 akiwa na mzigo huo mifupani. Atafungwa mkanda wa presha, na kama hatubadiliki, ataambiwa ni uzee.

Na nyumbani kwetu? Tuache kuyeyusha risasi karibu na jiko, na kopo lililotumika kuiyeyushia lisitumike kwa kazi nyingine yoyote. Vumbi la nyumba lifutwe kwa kitambaa kibichi badala ya kutimuliwa kwa ufagio, mikono inawiwe kabla ya kula, viatu vya kazini vibaki nje. Wanja wa jiwe la kusagwa, ambao bibi zetu wameupaka tangu wakiwa wadogo, mara nyingi hutokana na madini ya risasi. Tuwatafutie mwingine ulio salama, kwa upole, maana tunawagusa pambo la maisha yao. Chakula chenye kalsiamu na chuma husaidia mwili usiipokee risasi kwa wingi: dagaa wa kuliwa na miba yao, maziwa, mboga za majani, kunde. Anayevuta sigara ajue kwamba tumbaku hubeba kadimi, na kadimi hukaa figoni kwa miaka mingi. Wala tusiwanunulie wazee vinywaji vinavyonadiwa kwamba vinasafisha sumu. Dawa za kutoa risasi mwilini zipo, lakini ni za hospitali, kwa kipimo na kwa uangalizi. Zikitumiwa ovyo huumiza figo zilezile tunazotaka kuziponya.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo wa wazee hawa tumeuona mwepesi kwa muda mrefu kwa sababu hauonekani. Haujafungwa kichwani wala mgongoni, umelala ndani ya mifupa, na wenyewe wamefundishwa kuubeba kimya kwa kuwa mtu mzima halalamiki. Walioijenga bandari, waliobeba magunia, waliotengeneza magari yetu na kutuvulia samaki hawakujua wanachokivuta. Baadhi ya waliojua walinyamaza.

Nimeiweka chubwi moja ya mjomba. Iko ndani ya chupa yenye kifuniko, juu ya kabati, wanangu wasiweze kuifikia. Nikiitazama nakumbuka jinsi alivyopenda kuongea habari za bahari. Hata kumbukumbu ilipomkimbia, ukimuuliza juu ya kazi yake uso wake uling'aa. Laiti siku moja pale zahanati, kabla ya kuandika presha yake, mtu angemwuliza, "Babu, ulikuwa ukifanya kazi gani?" Angeanza na ngalawa, angekuja kwenye mshipi, na kabla muuguzi hajageuza ukurasa angekuwa amekwisha kufika kwenye kopo la maziwa na zile betri.